Maji ya Ubani kwenye Wiski ya Mskoti

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikashika jiko, maana nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu. Waingereza walipokwisha kukichukua kisiwa chetu, nikapata kazi ya upishi pale Chole, kwa ofisa mmoja Mskoti. Kazi ile ndiyo iliyotulisha sote wanne.

Bwana yule alikuwa na chupa moja ya wiski, ameifungia kabatini pamoja na nguo zake. Alinieleza kuwa ni ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, haikuchanganywa na nyingine. Hakuifungua peke yake. Aliwangoja rafiki zake wawili wapatikane pamoja: daktari, Mwingereza mnene, na mzee mmoja mwenye mashamba ya minazi Baleni, mtu wa asili ya Omani, ambaye pombe hakuigusa lakini mwaliko hakuukosa. Mimi pia sikunywa. Nilipenda kuwatazama tu, kwa kuwa sijaona tena watu wakinywa kidogo namna ile na kufurahi sana namna ile.

Siku moja wakapatikana wote, nami nikapika samaki changu wa nazi. Bwana akaniagiza, "Na maji, mpishi. Tutatia matone tu kwenye wiski, basi yawe mazuri kabisa."

Nikafanya kama mama alivyowafanyia wageni. Niliufukiza mtungi kwa ubani, nikautia maji moshi ungalimo, nikaufunika.

Walipokwisha kula, chupa ikafunguliwa. Wakanusa kwanza. Daktari akaiinua glasi yake juu.

"Polepole!" bwana akamwambia. "Hiyo si dawa yako ya kuhara."

Kisha yeye mwenyewe akatia matone yake, akaonja, akaiweka glasi chini.

"Mpishi, umetia nini humu?"

Moyoni niliwaona wadogo zangu kule nyumbani wamekizunguka chungu kitupu. Ningeweza kumsingizia mchota maji. "Ubani, bwana. Nimeufukiza mtungi mimi mwenyewe."

Mzee wa Baleni akainusa glasi yake ya maji, akacheka. "Usimkaripie, bwana. Kwetu haya ni maji ya mgeni wa heshima. Mara zote nilizokuja hapa, leo ndiyo kwanza napewa!"

Daktari alikuwa amekwisha kumaliza. "Mimi nimemeza kanisa zima," akasema, akaisukuma glasi itiwe nyingine.

Bwana akanywa tena, macho ameyafumba. Ndipo akatuambia kwamba kwao shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi unaochimbwa mabondeni na kuwashwa kama kuni, na ladha ya wiski ile ni moshi huo.

"Sisi twafukiza nafaka, ninyi mwafukiza maji," akasema. "Lakini mara nyingine uniulize kwanza. Weka mitungi miwili, mmoja wa mzee, mmoja wangu."

Nikaondoa sahani. Jikoni nikavunja moja, na hakuna aliyeuliza.

Nilijaza mitungi miwili mpaka bwana alipohamishwa. Mara mojamoja, rafiki zake wakiwapo, nilimwona akichota katika ule wa mzee.