Pete Iliyokataa Kidole cha Mdogo Wangu

Siku nne kabla ya harusi, pete ya mdogo wangu iligoma kuingia kidoleni.

Pete ile ile aliyovishwa siku ya posa, ikampwaya mpaka tukaizungushia uzi. Sasa haipiti hata fundo la kidole.

Mnajua tulifanya nini? Tulipiga vigelegele.

Naitwa Riyama, nakaa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe. Kazi yangu usomo. Kwa msiojua, somo ndiye anayekaa na bibi harusi akiwekwa ndani kabla ya ndoa. Namsinga, yaani namsugua mwili kwa singo ya manukato, namfukiza udi, namtia hina, namfunza mambo ya nyumba. Na siri zote anazonambia zinaishia kwangu. Somo anayetoa siri ya mwari wake, huyo bibi harusi, hana kazi tena mji huu.

Safari hii mwari alikuwa Thuwaiba, mdogo wangu wa tumbo moja. Mama alitufia yeye akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Bwana harusi ni Suhaib, kijana mpole, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya Kendwa.

Sasa bibi harusi akikaa ndani, watu wanataka kumwona amenawiri. Hapigwi jua, anakula, analala. Akitoka amejaa, sifa zote za somo.

Basi Thuwaiba alijaa, jamani! Wiki ya pili tu uso umeumuka, miguu ukiibonyeza inabaki shimo. Mashavuni akatoka wekundu, umepita juu ya pua huku na huku.

Shangazi yetu Bi Mwatima akamshika kidevu. "Mtume! Riyama, umempaka nini huyu? Anang'ara!"

"Mikono yangu hiyo, shangazi," nikajibu kwa maringo.

Asubuhi moja namsinga, Thuwaiba akaninong'oneza. "Dada, mkojo wangu unafanya povu. Kama sabuni ya unga. Na viungo vinaniuma."

"Woga wa harusi huo. Usimwambie mtu, watasema tunawauzia kibovu."

Akacheka. Na mimi siri nikaifunga, ndiyo kazi yangu.

Siku ile ile ya pete, alasiri, akashindwa kuvuta pumzi. Tukamfunika kanga tukamkimbiza hospitali.

Alitupokea Dokta Fathiya, daktari wa figo. Binti mdogo kwangu, lakini maringo yangu hakuyapa nafasi. Akabonyeza mguu, akautazama mkojo kwenye kikopo.

"Huku si kunenepa, dada. Haya ni maji. Figo zinavuja."

Baada ya vipimo akatwambia jina la ugonjwa, lupasi. Akasema kinga ya mwili, ile inayotulinda na vijidudu, imepotea njia.

"Ni kama mlinzi mliyemweka mlangoni, akageuka kumpiga mwenye nyumba. Kwa Thuwaiba inapiga figo, ngozi na viungo."

"Basi tumwongezee kinga," nikasema.

"Hapana! Kinga yake ndiyo inayomuumiza. Yake tunaituliza. Na vidonge hivi asiache hata siku moja bila ya kuniuliza, hata akijiona mzima."

Nikaitikia. Masikio yalisikia, kichwa hakikupokea.

Harusi ikaahirishwa. Vidonge vikafanya kazi yake. Maji yakashuka, povu likapungua, Thuwaiba akarudi kufundisha watoto Kurani chuoni. Miezi mitano baadaye Dokta Fathiya mwenyewe akasema ndoa ifungwe, ila ajihadhari na jua.

Lakini vidonge vilimvimbisha uso. Ukawa duara, shingo imejaa, chunusi kidevuni. Daktari alishatuonya mapema kwamba ni dawa, na uso utarudi dozi ikipunguzwa.

Watu sasa! Wale wale wa vigelegele ndio walioanza. "Mbona kafura?" "Bibi harusi gani huyo?"

Shangazi akanivuta jikoni. "Riyama, utamtoaje mtoto vile mbele za watu?"

Iliniingia mpaka ndani. Mie Riyama, somo wa mji mzima, nimtoe mdogo wangu mwenyewe watu wazibe midomo kwa buibui wacheke?

Nikamfuata chumbani kwake.

"Viache hivi vidonge wiki tatu tu. Harusi ikipita utarudia."

"Daktari kakataza, dada."

"Daktari ndiye atakayekaa na wewe ukumbini? Hivi vinakushusha kinga, mwanangu. Ntakupa habasoda na asali, na unga wa mlonge, kinga ipande."

Alinitazama sana. "Wewe wasema?"

"Mie nasema."

"Haya." Akaniwekea pakiti yake mkononi.

Sikumlazimisha. Hilo ndilo linalonitafuna zaidi. Aliniamini.

Uso ukapungua. Wanja na hina vikamaliza yaliyobaki. Siku ya kutolewa alipendeza, wallahi sijapata kumtoa bibi harusi vile. Suhaib alipomwona alitokwa na machozi. Mimi watu wakanipa mikono, nikala sifa nikashiba.

Siku ya tisa ya ndoa, Suhaib akanipigia simu. "Dada, Thuwaiba miguu haiingii viatuni."

Hospitali, Dokta Fathiya alitusomea karatasi ya majibu. Kinga ilikuwa imerudi kwa nguvu, imezimaliza figo zote mbili.

"Nani alikwambia uache dawa?" akamuuliza.

Nilikuwa nimesimama pale pale, miguuni mwa kitanda.

Thuwaiba hakunigeukia hata kidogo. "Hakuna mtu. Mwenyewe tu, nlitaka kupendeza."

Nikanyamaza. Nimeandika hilo kwa herufi zangu mwenyewe, mlisome. Nikanyamaza.

Miezi minne akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu. Nilikwenda kupimwa nimpe figo yangu, lakini mwili wake haukusubiri. Homa ya mapafu ikamkuta hana nguvu, akaondoka Jumatatu baada ya adhuhuri, mkono wake umo mkononi mwangu.

Nilimkosha mimi kabla ya kuvikwa sanda. Kwa mikono ile ile niliyomsingia. Alikuwa amekonda, na pete ikatoka yenyewe.

Siku ya arubaini, watu walipokwisha kutawanyika, Suhaib alibaki barazani. Nikatoka kumuaga.

"Dada Riyama, kuna neno linaniua."

"Liseme, mwanangu."

"Thuwaiba nimemuua mie."

Nikadhani majonzi yamempanda kichwani. Akaendelea, kainamisha uso.

"Kabla ya harusi nlimtania kwenye simu. Nkamwambia mashavu yake siku hizi kama maandazi. Tukacheka wote. Kumbe neno lilimwingia, ndiyo maana akaacha dawa. Nlimuuliza akiwa kitandani, akanambia si mie. Nkamuuliza ni nani basi? Akanyamaza. Alikuwa ananificha nisiumie."

Jamani.

Somo hutunza siri ya mwari. Mwari wangu alitunza ya somo, hata kwa mumewe, mpaka akaingia nayo kaburini.

Na mlango ulikuwa wazi. Ningemwambia tu "Mungu ndiye aliyepanga, mwanangu", angekwenda zake na mzigo wangu, na mimi ningebaki na jina langu. Shetani alinikalia begani, siwafichi.

Nikamwambia. Yote. Habasoda, mlonge, maneno niliyomwambia chumbani. Nikaingia ndani nikamletea na pakiti ya vidonge, ilikuwa bado imo kabatini mwangu.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliipokea pakiti, akavaa viatu, akafika kwenye ngazi akageuka.

"Siku ile hospitali, dada, daktari alipouliza. Mbona hukusema?"

Akashuka ngazi, akenda zake. Jibu mpaka leo nnalitafuta.

Usomo sijauacha, ila si usomo ule. Mwari akija kwangu siku hizi, kabla ya singo namuuliza mkojo wake ukoje. Nambonyeza miguu. Nikiona shimo, hakuna cha siri, tunakwenda hospitali na buibui zetu. Akiwa ana dawa, nahakikisha anameza mbele yangu, uso uwe duara, uwe mraba, watu wajuane wenyewe.

Nanyi mnaosoma, si kila kinga ya kupandishwa. Kuna watu kinga yao ndiyo ugonjwa wao. Mtu wako akipewa dawa na daktari, usimwachishe kwa ajili ya macho ya watu. Na ukimwona kavimba ghafla, usimsifu. Mpeleke akapimwe mkojo.

Mie nilipiga kigelegele.