Swali la Mama Annie

Mama Annie Muamba alizaliwa Dilala, mtaa wa mji wa migodi, katika nyumba za matofali zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Babake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya katika mtaa wa jirani, Manika, na kila anayeketi mbele yake huulizwa kwanza, "Weye mutoto ya nani?" Akijibiwa, hutaja nyanya, kanisa au msikiti, jirani wa zamani, na mgonjwa hulegeza mabega. Watu walimpenda kwa swali hilo. Walimpenda pia kwa sababu hakuwahi kukosea dawa.

Jumatatu moja ya Machi, saa tatu asubuhi, aliingia Bilkisi, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Alifunga mlango mwenyewe.

"Mama, jana saa kumi kuko mutu alinikamata kwa nguvu."

"Pole, mutoto yangu. Ngoja, uso hii naijua. Weye mutoto ya nani? Haiko ya tata Alfani, mwenye makamio ya mizigo?"

Kwa kusikia jina la babake, Bilkisi alitazama mlango. "Alinikamata mukono tu, mama. Kichwa njo inaniuma."

Mama Annie aliandika "kichwa" katika daftari, akampa parasetamoli, na akaongeza, "Unisalimie tata yako."

Kesho yake wauguzi kumi na mmoja wa mtaa waliitwa mafunzoni, wajifunze namna ya kumpokea mtu anayesema amebakwa. Daktari Mukalay, mwanamke wa sauti ya chini, aliwataka waigize. Henri, mwenzake Mama Annie, akawa mgonjwa. Alijifunga kitenge kichwani.

"Mama ya ndevu!" mtu akasema, na wote wakacheka.

Mama Annie aliketi mbele yake. Kabla Henri hajamaliza sentensi ya kwanza, akamwuliza, "Pole. Weye mutoto ya nani?"

"Tusimame hapo," daktari akasema. "Mugonjwa, unaona nini sasa?"

Henri alifikiri kidogo. "Naona tata yangu amekuja kuikala hapa, katikati yetu."

Henri akakifungua kitenge kichwani.

Daktari aliendelea. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai kitu isipoanzwa kabla ya saa sabini na mbili kupita. Karatasi ya polisi haingojewi. Mama Annie hakuandika. Alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya meza: Jumapili saa kumi, Jumatatu, Jumanne. Ilibaki mpaka kesho saa kumi alasiri.

Wakati wa mapumziko alimweleza daktari, bila kutaja jina. Daftarini kulikuwa na nambari moja tu ya simu, ya Alfani.

"Usiende kwao," daktari akasema. "Na baba asijue sababu kupitia kwako."

"Na nikinyamaza?"

Daktari alimsogelea. "Tafuta neno lisilomugusa mugonjwa."

Mama Annie alitoka ukumbini akapiga simu.

"Tata Alfani, ni Mama Annie wa kituo. Jana Bilkisi alikuja na kichwa. Nilikosea dawa. Arudie kesho asubuhi, tafazali."

"Ulikosea? Weye? Ulitaka kuniulia mutoto?"

"Nilikosea, tata. Unisamehe."

Jumatano aliomba ruhusa mafunzoni, akakaa kituoni tangu saa moja. Saa mbili hawakuja. Saa tatu hawakuja. Walifika saa nne na robo, Bilkisi na babake, na Alfani alianza kuwaonya wagonjwa kabla hajafika kwenye benchi lao.

"Muangalie dawa bizuri, banduku! Hapa banapima na macho!"

Alitaka kuingia na binti yake.

"Anaingia peke yake, tata. Ni mukubwa."

"Juzi unaua, leo unafukuza!"

Benchi likacheka. Mama Annie alifunga mlango, akafunga na daftari, kisha akavuta kiti upande wa Bilkisi. Swali lake lilimjia mdomoni kwa mazoea. Akalimeza.

"Juzi uliniambia, na mi sikusikia. Nakuamini. Haiko kosa yako. Utasema ile unataka, na haitatoka humu kama weye haupendi."

Bilkisi aligeukia mlango. Nje, Alfani alikuwa akimsimulia mtu mwingine habari ileile.

"Ni shofa ya tata," Bilkisi akasema. "Njo ametuendesha mpaka hapa. Iko pale inje, mu gari."

Saa tano kasoro dakika kumi alimeza kidonge cha kwanza. Vingine vilikuwa vya siku ishirini na nane.

"Nitamuambia tata nini?"

"Ni bya kutengeneza kosa yangu." Mama Annie alimpa maji tena. "Na leo haurudi na ile gari. Utabaki hapa, namuita daktari."

Alitoka nje. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni yake alimwinua mtoto wake, akahamia kwenye mlango wa muuguzi mwingine. Alfani alisimama.

"Bilkisi anabaki, tata," Mama Annie akasema, wote wakisikia. "Kosa yangu ilikuwa mukubwa kupita vile niliwaza."