Saa Moja Kati ya Kalemie na Kinshasa

Enzi zetu hapa Kalemie, urefu wa safari tuliupima kwa chakula. Sisi watoto wa reli tulijua kwamba Nyunzu ni mikate miwili na mayai ya kuchemsha, na Lubumbashi ni beseni zima la ndagala za kukaanga, maana treni ikiamua kulala porini, italala. Kinshasa hatukuijulia kipimo. Reli yetu haifiki kule, na baba wa nani alikuwa amepanda ndege?

Wangu, Papa, akapanda. Biro, yaani ofisi ya reli, ilimtuma mafunzoni Kinshasa, na Mama akamfungia beseni la Lubumbashi. Papa akamweleza kwamba ndege inatumia saa mbili na nusu tu. "Na treni njo vile wanasemaka," Mama akajibu, akakaza fundo.

Tulipatana kwamba siku ileile, saa tisa alasiri, Papa angezungumza nasi kwa fonie, redio ya duka moja karibu na bandari, ambapo nusu ya mtaa ilisikiliza mambo ya nyumba yako bure. Saa tisa ikafika, tukasikia mikwaruzo tu. Saa tisa na nusu Mama akasema ndege imeanguka. Jirani yetu Mama Tabu, asiyehitaji kuombwa mara mbili, akavua hereni, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kulia. Mama naye akalia, yeye aliyekuwa akimgombeza Papa kuanzia chai hadi ugali. Mimi nilimwahidi Mungu kwamba sitaiba tena sukari. Niliogopa kweli, nilikuwa na miaka tisa na nilimtaka baba yangu.

Saa kumi kamili redio ikakohoa. "Kalemie, munanisikia?" Mwenye fonie akabonyeza kitufe ajibu, na kilio chetu chote kikavuka nchi.

"Nani amekufa huko?" Papa akauliza.

"Njo weye, Papa," nikamjibu.

Kumbe saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kule ndiyo kwanza saa tisa ilikuwa imegonga. Mama akajifuta uso, akashika kipaza sauti. "Papa Sifa, na ile beseni, ulikula?" Duka zima likacheka. Mama Tabu akarudisha hereni zake, akinung'unika kwamba watu wa Kinshasa, na maringo yao yote, hata saa inawafikia baada yetu.

Juzi mwanangu alikwenda kulekule. Simu ilimhesabia kilometa na dakika, na saa ikajibadilisha yenyewe. Ndege haijasimama vizuri, nikaletewa picha ya kidole gumba, bila neno. Vijana wa leo hata kufika wanafika kwa kidole. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu, nikaendelea kuosha vyombo.

Ila Papa, hadi uzeeni, hakuna mgeni aliyeondoka kwetu bila kusimuliwa kisa cha fonie. "Wengine wanaliliwaka hawasikie," alikuwa akisema, huku akimtazama Mama kwa pembe ya jicho. "Mimi nilisikia." Mwanangu hajawahi kupotea hata dakika kumi. Atajuaje tungemlilia vipi?