Kiti Kitupu Kutoka Mombasa Hadi Mohoro

Safari hii ilianzia barazani kwa mama yangu, Mohoro, siku alipokataa kwa mara ya tano kupelekwa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Kibiti. Kiharusi kilimshika upande wa kushoto miaka miwili iliyopita. Mkono wa kulia unafanya kazi, na mdomo unafanya kazi kuliko mkono. Aliyaacha mazoezi kwa sababu ya aibu, maumivu aliyaweza. Mara ya mwisho watu wanne walimbeba kumpakia kwenye bajaji, kanga ikamdondoka mbele ya soko zima, mbele ya wateja waliozoea kununua kanga dukani kwake. Tangu siku hiyo hakushuka barazani.

"Sibebwi tena," alisema. "Mzigo ndio hubebwa."

Nilipokwenda Kibiti peke yangu, mtaalamu wa mazoezi akanivuta pembeni na kuniambia kuwa mguu wa kushoto wa mama ukiendelea kukaa hivyo utakakamaa, na hapo hata yeye hatakuwa na la kufanya.

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna magari ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa watu wa hali yake. Kiti cha safu ya pili kinageuka, kinatoka nje kupitia mlango wa kuteleza, kinashuka kwa umeme hadi chini, mtu anakaa, kisha kinampandisha chenyewe. Dar es Salaam nilizunguka yadi hadi visigino vikauma. Kila mahali nikaambiwa kwamba magari hayo yakifika, viti hung'olewa ili yaingie abiria wengi. Hatimaye picha moja kwenye simu ikanipeleka nje ya nchi, kwa muuzaji wa Mombasa aliyekuwa na gari moja lenye kiti chake kamili.

Mama alisikiliza habari hizo akiwa ametazama barabara. "Lilete," alisema. "Ila kiti hicho asikikalie mtu kabla yangu. Kama ni changu, kiwe changu."

Nikamwambia gari limetumika, lazima kuna bibi wa Kijapani alishakikalia.

"Huyo simjui, hanihusu. Nasema hawa ninaowajua."

Nikaandika sharti hilo kwenye daftari langu, chini ya orodha ya vipimo.

Jumatatu alfajiri niliondoka Kibiti kwa basi. Nililala Tanga, na Jumanne saa saba mchana nilikuwa Mombasa, nimesimama katika yadi iliyojaa magari meupe kama mayai kwenye trei. Muuzaji, Bwana Feisal, ni mtu mnene wa sauti nyororo, kofia yake imeshonwa vizuri kuliko shati. Nilitoa utepe wa fundi cherehani nikaanza kazi. Nikapima upana wa kiti, kwa kuwa kiuno cha mama nilikipima kabla sijaondoka. Nikapima urefu wa mlango, umbali wa kiti hadi ardhini, nafasi ya miguu.

Bwana Feisal alivumilia kwa dakika kumi.

"Dada, wewe wanunua gari ama washona kanzu?"

"Nanunua kiti," nikamjibu. "Gari ni la kukibebea."

Alicheka, akashika kidude chenye vitufe viwili kilichofungwa kwa waya. "Basi keti nikuoneshe."

"Sikai. Wala wewe usikae. Mama amekataza."

Akanitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, alimwita fundi wake aje na tairi la akiba. Wakaliweka juu ya plastiki iliyofunika kiti, wakalifunga mkanda, na tairi likatoka mlangoni kwa heshima zote, likageuka, likashuka taratibu hadi chini, kisha likapanda tena. Mafundi waliacha kazi wakalipigia makofi. Bwana Feisal akaniusia kitu kimoja: nikibonyeza, nibonyeze hadi mwisho, nisiachie kitufe kiti kikiwa njiani. Nikaandika.

Jioni tuliandikishana. Gari lilikuwa bado chini ya forodha, halijasajiliwa Kenya, kwa hiyo nilihitaji wakala wa kulitoa hadi mpakani. Bwana Feisal alinipa mmoja, mzee mtaratibu aitwaye Bwana Mbarak, anayebeba karatasi ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa vizuri. Nilipowasha gari, mwanamke fulani akasema maneno ya Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Nilishtuka. Bwana Mbarak hakushtuka.

"Husema hivyo kila ukiliwasha," aliniambia. "Asema waikosa kadi ya kulipia barabara za kwao. Mzowee tu."

Alhamisi saa mbili asubuhi tulivuka Likoni, tukafuata barabara ya kusini yenye minazi mingi, na kabla ya saa tano tulikuwa mpakani. Horohoro ni mahali pa kusubiri. Watu wanasubiri wakiwa wamesimama, wamekaa, wengine wamelala juu ya mizigo yao, na hakuna anayelalamika kwa sauti kwa sababu kila mmoja anaamini zamu inayofuata ni yake. Bwana Mbarak alitoa karatasi zake moja moja kutoka mfuko wa unga: hati ya Japani, hati ya meli, hati ya ukaguzi. Wakasoma namba ya chasisi, wakailinganisha, wakaisoma tena.

Kisha afisa wa kike aliyevaa miwani akaja na ubao wake wa kuandikia. Alikuwa ameambiwa kuna kifaa cha mgonjwa ndani ya gari, naye alitaka kukiona kikifanya kazi. Nikakitoa nje. Akaweka ubao chini, akashika ncha ya sketi yake, akawa tayari kukaa.

"Samahani, afande, tafadhali usikae!"

Watu wote waligeuka. Nikamweleza haraka, nikiona jinsi maelezo yangu yanavyozidi kuwa ya kipuuzi kadiri ninavyoyasema. Afisa akavua miwani.

"Mama yako ana umri gani?"

"Sabini na tatu."

"Wangu ana sabini. Na yeye ni hivyohivyo." Akachukua mkoba wake, akauweka juu ya kiti, akaufunga mkanda. "Haya, mshushe huyo."

Mkoba ukashuka, ukapanda, ukapita forodhani. Ushuru walinikadiria kwa kitabu chao cha bei, hawakujali risiti yangu, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Bwana Mbarak aliniaga akarudi kwao. Namba za usajili zilitoka Ijumaa mchana, nikaelekea Tanga na kulala huko, nikiwa na gari, karatasi zote, na kiti ambacho bado hakijakaliwa na mtu ninayemjua.

Jumamosi ilikuwa ya barabara tu: Segera, Chalinze, foleni za Dar es Salaam, kulala kwa ndugu Mbagala. Watoto wa nyumba ile walitaka kukikalia. Niliwapa viti vya nyuma na biskuti.

Jumapili saa nne asubuhi nilifika Bungu nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza mtihani. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisimama kununua korosho.

Anayeuza korosho pale barabarani ni Mama Pili, mtoto wa shangazi yake mama. Nikisema hivyo, msomaji wa kwetu ameshajua kilichofuata. Hao ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Mtani akichukua kitu chako huna pa kushtaki, na ukikasirika ndiyo umeshindwa. Mama Pili aliwahi kubeba kuku wawili wa mama mchana kweupe, akaaga kabisa. Mama naye aliwahi kumnyang'anya mwamvuli msibani, mvua ikinyesha.

"Ndilo hili?" aliuliza, akizunguka gari. Habari zilikuwa zimenitangulia. "Na kiti ki wapi?"

"Mama Pili, nakuomba. Amesema asikae mtu."

"Amesema mtu. Mimi mtu kwake? Miaka yote ananiita ngedere."

Kabla sijafunga mlango alishachana plastiki. Aliketi, akapanga kanga zake, akajifunga mkanda kama rubani. Akamwachia jirani beseni la korosho na kumwambia atarudi akirudi.

"Endesha, Mwajuma. Nakwenda kumwona mgonjwa wangu."

Nilifikiria kumbembeleza, na nilifikiria kumtoa. La kwanza lingechukua siku nzima, la pili lingenitia aibu kwa ukoo mzima. Nikawasha gari. Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake.

"Waalaikum salaam," akaitikia Mama Pili.

Kutoka Bungu hadi Kibiti niliendesha nikikaza macho barabarani. Nilitembea nchi mbili nikilinda kiti dhidi ya wauzaji, serikali na watoto, nikanyang'anywa nikiwa nimekaribia kufika. Mama alikuwa anatafuta sababu ya kukataa, hilo nililijua tangu mwanzo. Sasa nilikuwa nampelekea sababu hiyo imekaa mahali pake, inatafuna korosho.

Saa sita tulisimama Ikwiriri kwa wauza samaki. Mama Pili hakutaka kushuka kwa miguu. Alishika kile kidude, akajitoa nje kwa umeme, na kiti kilipofika usawa wa kifua cha muuzaji akaachia kitufe. Kiti kikatulia hapohapo hewani.

"Bonyeza hadi mwisho!" nikapiga kelele. "Kitaharibika!"

"Hakiharibiki. Kinanisikiliza." Akapanda kidogo, akashuka kidogo, akasimama palepale alipotaka, juu ya beseni la kambale. "Bwana, huyu mkubwa kwa nini ana macho ya jana?" Muuzaji alikuwa anacheka hata akashindwa kutaja bei. Walionunua siku ile pale walinunua kwa furaha, na sisi tulipata kambale kwa bei ya perege.

Baada ya daraja la Rufiji tuliacha lami, tukashika njia ya vumbi kati ya majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Saa nane tulikuwa Mohoro, nikasimamisha gari mbele ya nyumba.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu barazani. Aliona gari, uso ukamchanua. Mlango ukateleza. Akaona aliyekaa.

Hakutukana. Angetukana ningepumua. Aligeuza uso akatazama ukuta.

"Nilijua," alisema polepole.

"Shikamoo, mwenye gari!" Mama Pili akajishusha hadi chini, miguu ikagusa mchanga. "Ona. Hakuna aliyenibeba."

Mama aliangalia kile kiti kilichokuwa chini, kisha akaangalia ngazi za baraza letu. Ziko nne. Nyumba za kwetu zimeinuliwa kwa sababu ya mto, baba alizijenga ngazi hizo kwa mkono wake mwaka ambao maji yaliingia hadi kitandani.

"Na mimi nafikaje hapo chini, Mwajuma? Unanibeba?"

Nilifungua daftari. Nilipima kiuno chake, nikapima mlango, nikapima kiti mara tatu Mombasa. Ngazi ambazo nimezipanda tangu nikiwa mtoto sikuziandika popote. Nilikuwa nimevusha gari zima mpakani ili mama abebwe ngazi nne badala ya kubebwa hatua kumi hadi kwenye bajaji. Nilisimama na daftari mkononi, na nakiri machozi yalikuwa karibu.

Mama Pili alikuwa hajamaliza. Alijipandisha ndani ya gari.

"Geuza," akaniambia. "Ubavu wa kushoto uje barazani. Sogea. Sogea tena, unaogopa nini, gari si lako."

Nikasogeza hadi gari likakaribia kugusa saruji. Kiti kikatoka mlangoni, kikageuka, kikawa juu ya baraza lenyewe. Kikashuka kidogo tu. Mama Pili akaachia kitufe. Kibao cha miguu kikagusa sakafu ya baraza mbele ya magurudumu ya mama, usawa mmoja, bila ngazi hata moja.

Mama alitazama kile kibao, akatazama magurudumu yake.

"We ngedere," alisema.

"Naam."

"Toka kwenye kiti changu."

"Nitoe."

Mama akasukuma gurudumu kwa mkono wa kulia, akaja hadi magoti yao yakagusana. Mama Pili akainuka huku akilalamika kwamba anafukuzwa. Nilinyoosha mkono kumshika mama, akaupiga kofi. Alishika mkono wa kiti, akajivuta, akakwama katikati, akapumua, akajivuta tena. Ilichukua dakika nzima. Kisha alikuwa amekaa, jasho likimtoka, kanga ikiwa mahali pake.

"Kina joto," alisema akikunja uso. "Na makombo ya korosho."

Jumatatu asubuhi tulianza safari ya kurudi, kwa sababu mama alisema hawezi kulala nyumba moja na mwizi zaidi ya usiku mmoja, lazima amrudishe Bungu yeye mwenyewe. Mama Pili alipangiwa siti ya nyuma kabisa. Nilipowasha gari, yule wa Kijapani akasema neno lake.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anakusalimu," Mama Pili akajibu kutoka nyuma. "Mwitikie, usiwe na kiburi."

Saa nne tulifika Kibiti, nikakata kona kuingia hospitalini bila kuomba ruhusa. Mama aliona, akaweka kanga yake sawa. Wahudumu wawili wakaja mbio, mmoja tayari amekunja mikono ya shati. Mama aliwainulia kiganja kupitia dirishani.

"Hapohapo mlipo."

Uwanja wa hospitali ni tambarare, kwa hiyo kiti kilishuka hadi mwisho. Yeye ndiye aliyebonyeza. Katika daftari langu niliongeza mstari mmoja chini ya vile vipimo vyote: vipimo vianzie kizingitini kwa mwenye kusafiri. Chini yake nikaandika jina la Mama Pili, maana mstari huo ni wake.

Baada ya mazoezi mtaalamu alimuuliza mama kama ataweza kurudi wiki ijayo, au aandike tu kwamba usafiri ni shida kama kawaida.

"Andika Alhamisi," mama akasema. "Na Jumatatu pia. Nina kiti."