Karani wa Mawe

Karani wa mawe pale bomani Bukoba hakusema “hiki”, alisema “huyu”. Kila kisukuku cha baharini, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe, kilicholetwa kwa sanduku kutoka Lindi alikipangusa taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye mizunguko ya gamba, kisha akamsomea Alistidia, mwandishi wake, kwa sauti ya mtu anayemuuguza mgonjwa: “Konokono. Mizunguko saba. Mdomo umevunjika.”

Asubuhi moja alishika jiwe, akalipitishia kidole mara ya pili.

“Andika: ameshtuka.”

“Tata,” Alistidia alimwita kwa heshima ya baba, “jiwe lishtuke?”

Karani akamwekea lile jiwe kiganjani. Lilikuwa vuguvugu, na likatoa maji. Alistidia, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alilamba kidole. Maji yale yalikuwa ya chumvi. Alijua Bwana Shauri, mkuu wa boma, angeweza kumfukuza kazi kwa neno lile, “ameshtuka”. Akaliandika.