Ng'ombe Mwekundu Kwenye Majani

Kwa nini kaka yangu alipoteza ng'ombe wakati wa masika tu?

Nilikuwa bado shule ya msingi, pale Didia, na nyumbani nilikuwa peke yangu mwenye swali. Wengine wote walikuwa na majibu. Baba alisema ni uvivu. Shangazi alisema amechezewa, apelekwe kwa mganga. Kiangazi kizima kaka alirudi na kundi kamili, na mbuzi wa majirani aliwatambua wakiwa mbali. Mvua zikishika na nyasi zikapanda, ungemsikia baba langoni mwa zizi.

"Yule mwekundu yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu, baba."

"Nyuma yako! Kwani macho umeyatia mfukoni?"

Fimbo ikafuata. Kisha baba alitoka mwenyewe, na mara nyingi alimkuta ng'ombe amelala kwenye nyasi kando ya njia, anacheua bila wasiwasi. Hapo ndipo hasira ilipozidi. Mwizi angeeleweka. Lakini mtu ampite ng'ombe mzima kama anavyopita kichuguu?

Niliwahi kumuuliza baba mbona mweupe hapotei. Aliniambia nikamsaidie mama jikoni.

Kuna mwaka darasani kwa kaka waliambiwa wachore mifugo. Alikuwa na mkono mzuri: pembe, nundu, hata mkunjo wa ngozi ya shingoni, vyote vilikaa mahali pake. Kisha akampaka ng'ombe rangi ya kijani. Mwalimu aliinua karatasi darasa lote lione, akauliza, "Huyu ameota ukungu?" Kwa muda mrefu wenzake walimwita Ukungu. Jioni niliitazama ile picha nikamuuliza kwa nini kijani.

"Nimepaka rangi ya ng'ombe," alisema. Hakuwa anatania.

Nilikuja kukutana na jibu chuoni, kwenye simu ya mwenzangu wa chumba. Duara lililojaa vitone vya rangi, na katikati namba. Alisema wako watu, wengi wao wanaume, wasioiona namba hiyo, kwa sababu nyekundu na kijani zinawachanganya. Niliacha chai yangu mezani nikatoka nje. Nilizunguka bweni mara kadhaa. Nilitaka kupanda basi saa ile ile. Halafu nikaanza kujitilia shaka: picha moja ya simu inathibitisha nini? Na je, kama ninataka tu kaka yangu asiwe mvivu?

Likizo ilipofika nilikwenda kwake Runzewe. Alikuwa na mke na mtoto, anaendesha lori la tajiri mmoja, akibeba mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kupeleka kwenye mashine za kusaga. Wifi aliuza mboga mbele ya nyumba. Nilichukua ungo wake, nikachanganya pilipili nyekundu na za kijani, nikamwambia kaka anitengee zilizoiva.

Alizibonyeza moja moja. Akazinusa. Alipomaliza, mafungu yote mawili yalikuwa na mchanganyiko.

Wifi alicheka. "Huyo hata nyanya ananiuliza mimi. Nilidhani anajidekeza."

"Umesoma miaka yote hiyo uje unichezeshe pilipili?" kaka aliniuliza.

Nikatoa simu. "Unaona namba hapa?"

"Naona kokoto."

Nikafungua nyingine. "Na hapa?"

"Kokoto za shimo jingine."

Nilimweleza. Nilieleza haraka, kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi kutoka safari: hukuwa mvivu, hukurogwa, ni macho. Nilitegemea acheke au alie. Yeye alitazama lile lori, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Picha hizo hospitali wanazo?"

Ndipo nikajua kwamba alikuwa ameitwa kwenye mgodi mkubwa upande wa Bugarama, kuendesha magari yale makubwa yanayobeba miamba. Usaili alishafaulu, na jaribio la kuendesha pia. Kilichobaki ni kupimwa afya. Kazi ya mkataba, bima ya familia, si lori la mtu ambalo husimama siku duara likifungwa.

"Wanazo," nilisema.

"Basi nifundishe. Ya kwanza namba gani?"

"Kaka, taa za barabarani unazijuaje?"

"Nyekundu iko juu. Nani asiyejua?"

"Na kule mgodini, ikiwaka taa moja tu?"

"Nitafuata gari la mbele."

"Na ukiwa wewe ndiye wa mbele?"

Wifi aliacha kucheka, akaanza kupanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangika.

Nilitoka kutembea, nikarudi, nikatoka tena. Mtu huyu alikuwa ameendesha miaka bila kugonga hata kuku. Nani alisema vitone vinajua udereva kuliko barabara? Lakini nilikumbuka ng'ombe mzima aliyelala mbele yake asionekane, nikawaza juu ya mtu aliyevaa koti jekundu kwenye ukingo wenye majani. Nilirudi nikamwambia sitamfundisha.

"Sawa, msomi," alisema, na siku hiyo hakuniambia neno jingine.

Alikwenda kupimwa peke yake. Jumapili iliyofuata alifika Didia. Nilikuwepo. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Wamenikataa."

"Kosa gani?"

"Macho. Nyekundu na kijani kwangu ni mtu na ndugu yake. Wanasema nilizaliwa hivyo."

Baba alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kidogo, kisha mkono ukasimama. "Kwa hiyo yule ng'ombe..."

"Alikuwepo, baba. Mimi nilikuwa naona majani."

Nilisubiri baba aseme pole. Alitazama zizi, akasema, "Kwetu hakuna macho hayo. Kayatoa wapi?"

Nikajibu mimi, kwa pupa ya mtu aliyesoma: mtoto wa kiume huyapata kupitia kwa mama, ingawa mama mwenyewe huona vizuri. Mama alichukua kikapu cha magunzi akaingia jikoni.

Kaka bado anaendesha lori Runzewe. Baba hajawahi kumwomba radhi, ila tangu siku ile, kaka akija nyumbani wakagawana ng'ombe wa kulima, huwataja kwa pembe zao.

Miaka imepita. Juzi juzi, kwenye harusi ya binti wa mjomba, kaka yake mama, mjomba huyo alikuwa akichekesha watu kwa habari za utoto wao. Alisema kwao yeye alipewa kuchunga ng'ombe weupe na weusi tu, kwa sababu wekundu walimpotea kila masika. Wekundu walichungwa na mdogo wake, mama yangu.