Chumba Kikavu cha Fundi Sponji

Idara ya Nyumba imetangaza, na tangazo limebandikwa kwenye kila mlango ili asiwepo wa kusema hakuliona, kwamba nyumba zilizokarabatiwa sasa zinamfaa binadamu: sakafu ni vigae, madirisha ni vioo vitupu, kuta ni laini kama ganda la yai. Ili kulinda ubora huo, ni marufuku kupigilia misumari, kutandika mazulia na kutundika matambara, kwa kuwa hayo ni makao ya vumbi na mabaki ya maisha ya zamani.

Fundi Sponji alilipokea tangazo hilo kwa mikono miwili. Tangu ujanani alikuwa akijaza sponji kwenye sofa za watu, na sasa alipata ruhusa ya serikali ya kutoiona kazi yake akiwa nyumbani. Zulia akaligawa, mapazia mazito akayatoa, sofa zake akampa jirani, akanunua viti vya plastiki.

Hakumfikiria mkewe. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama huyo vidole viwili tu vya mkono wa kushoto, na vidole hivyo viliamka pale tu ilipopigwa santuri fulani ya tarumbeta kwenye redio yao ya santuri. Hapo viligonga mbao za kitanda, taratibu, kwa mapigo. Daktari alisema wavishikilie hivyo hivyo vidole, maana vikilala havitaamshwa na dawa.

Siku ya kwanza katika sebule mpya, tarumbeta ilitoka kama kisu kinachonolewa. Mama, kwenye kitanda chake kilichowekwa hapo sebuleni, akageuzia uso ukutani, machozi yakamtoka.

Fundi akaiandama redio. Alipunguza sauti nyembamba mpaka kitufe kikagoma. Vispika vidogo akavifunika kwa karatasi laini, kisha kwa soksi. Shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuja kuuguza, akamuuliza kama redio nayo imeshikwa na baridi. Fundi akashika bisibisi. Alibadilisha nyaya, akasogeza spika, akazielekeza mlangoni kama watoto waliokosa adabu. Fundi redio akaitwa, akafungua, akakuta vumbi na mende mmoja marehemu, akaviondoa vyote. Sauti ikawa safi zaidi, yaani mbaya zaidi.

Vidole vikanyamaza.

Kisha ikanyesha. Shemeji, aliyekuwa amefua mablanketi yote, akapigilia misumari miwili na kufunga kamba sebuleni. Redio ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini, kwani hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima. Fundi aliingia amelowa, akasimama mlangoni. Tarumbeta ilikuwa imerudiwa na unene wake. Nyuma ya blanketi, mbao za kitanda ziligongwa.

"Nani kagusa redio?"

"Nani ana muda na redio yako, shemeji? Mimi nafua."

Fundi akapiga kofi moja, kiganja kwa kiganja. Chumba hakikurudisha mwangwi. Ndipo fundi, aliyewakalisha watu kwenye ulaini maisha yake yote, alipoelewa alichompa jirani. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akacheka, mpaka kicheko kikawa kitu kingine.

Misumari miwili haikufika mbali. Mkaguzi wa Idara aliiona kupitia vile vioo vitupu, akaing'oa mwenyewe, akaonya kwamba mara nyingine ataondoka na funguo. Vidole vikalala tena. Fundi akaenda Idarani.

Mkuu wa Idara alimpokea ofisini kwake kwa heshima. Fundi aliomba ukuta mmoja wa kutundika blanketi. Kisha akaomba nusu.

"Mzee wangu, nikikuruhusu wewe, kesho mwingine ataleta godoro."

"Alilete, bwana mkubwa. Mke wangu ananiponyoka."

Mkuu akashusha pumzi, akamsomea tangazo lote, bila kuruka neno. Kwenye kabati nyuma yake, kando ya mapazia mazito yaliyofungwa nusu, kiredio cha bei ya chini kilikuwa kikipiga tarumbeta. Ilitoka ya mviringo, tamu, isiyo na ugomvi na mtu. Fundi aliisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akashukuru, kama inavyopasa, akaelekea mlangoni.

Zulia lilikuwa nene kiasi kwamba hakuzisikia hatua zake mwenyewe.